Taa ya Kopo la Samli

Asubuhi niliyotoka kwetu Kaloleni sikuwa na safari. Nilitoka kwenda kuangalia lori lililokwama kwenye matope, na lilipokwamuliwa dereva akaniuliza kama nataka kupanda. Nikapanda. Sikumuuliza anakwenda wapi. Nilikuwa na shati moja, la mwilini, na ndala zilizochakaa upande mmoja. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu na mimi nikachoka na majibu yake. Adhuhuri ikanikuta Marikiti, Mombasa, katikati ya mikungu ya ndizi na watu wa mikokoteni wakipiga kelele wapishwe njia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nayaandika haya kwa ajili yenu, mafundi vijana, mlionipokonya ngazi juzi mkanipa kiti cha plastiki na soda. Ahsanteni kwa kiti, magoti yangu yamekipenda. Sitawaambia nililipwa nini wala nani alinipandisha cheo. Fundi wa taa hupanda ngazi tu, na jioni hushuka. Nimefanya kazi hii katika miji mingi, maana sikuumbwa kukaa mahali pamoja, lakini mnaponiuliza nilijifunza wapi kuchagua taa, jibu langu ni chumba kimoja Mji wa Kale.

Siku ile ya Marikiti niliona mtu mfupi mwenye ndevu za mvi amepanda ngazi ndani ya duka la viungo, anabadilisha tyubu. Nikasimama chini nikimtazama. Nikamuuliza kwa nini tyubu hupepesa kabla ya kuwaka. Akanijibu. Nikamuuliza kile kikopo kidogo cha pembeni kina kazi gani. Akanijibu pia, lakini polepole zaidi. Nilipouliza la tatu alinitazama kutoka juu.

"Wewe, mikono yako ina kazi?"

"Haina."

"Basi shika ngazi. Na mdomo ushike pia."

Huyo ndiye Fundi Twaha. Karakana yake ilikuwa chumba kilicho chini ya ngazi za nyumba ya watu, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu, na ilinuka risasi ya kulehemu na kahawa. Waya watu wengi walijua kuvuta. Yeye aliitwa kuchagua taa. Nyumba ikitengenezwa, au kijana akioa, tulibeba kreti lake la mbao lenye globu za kila aina zilizofungwa kwa magazeti: globu angavu, globu za maziwa, tyubu fupi na ndefu, vijitaa vya kuelekeza kwenye vidaka, vile vijirafu vilivyochongwa ukutani, ili sahani zionekane. Tulizijaribu palepale.

"Watu huchagua taa dukani," alikuwa akisema, "kama kwamba watahamia dukani."

Jambo la kwanza alilonifunza ni kuzima. Tukiingia chumbani alifunga madirisha, akazima kila kitu, tukakaa. Alitaka aone giza la chumba hicho likoje, limejaa wapi, limepungua wapi. Kisha aliuliza maswali mawili ambayo nimeyauliza maisha yangu yote: nani hukaa wapi, na akikaa hufanya nini. Jikoni alipenda tyubu, ili mpishi aone mawe kwenye mchele. Kwenye ngazi za nyumba za zamani, ambazo hazilingani hata mbili, aliweka taa mbili ndogo badala ya moja kubwa, mguu usidanganywe na kivuli chake. Chumba cha bi harusi alikitia globu ya maziwa, mbali na kioo.

Hakufanikiwa kila mara. Mfanyabiashara mmoja wa Tudor alishikilia atundikiwe thurea kubwa ya vioo kwenye fleti yenye dari fupi. Fundi alimweleza, akamweleza tena, kisha akaitundika. Tangu siku hiyo kila mgeni aliingia sebuleni kwa yule bwana kama anayerukuu. Tulipotoka Fundi alisema, "Wageni wake watakuwa na adabu."

Nilikuwa nimeshaizoea kazi wakati Hamza alipokuja karakana. Alikuwa mtu wa makamo, mkarimu, mwenye haraka. Alisema ami yake, Mzee Nasoro, yu mgonjwa, na mke wa ami, Bi Zuhura, ataka taa.

"Wekeni kubwa," alisema. "Msibane."

Nyumba ilikuwa na kuta za mawe, nene kama urefu wa mkono wangu. Mzee alilazwa chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha, chenye boriti juu na vidaka ukutani, na chokaa mpya kila mahali. Alikuwa karani wa bandari miaka mingi. Sasa maradhi yalikuwa kichwani mwake, na madaktari walikuwa wameshasema yale wanayosema wakiwa hawana jingine. Mwanga ulimchoma macho kama sindano. Alilala na kitambaa kibichi usoni. Chini, juu ya mkeka, alikaa mkewe amejitanda leso, na mapajani mwake kulikuwa na kofia.

Nyinyi mnaovaa kofia za dukani huenda hamjui kazi yenyewe. Ni kitambaa cheupe na uzi mweupe. Mshonaji hutoboa vitobo vidogo kwa mamia, kila kitobo akakizungushia mshono, mpaka maua yatokee. Kipande cha juu cha mviringo hushonwa peke yake, na utepe wa kuzunguka kichwa peke yake, kisha viwili vikaunganishwa. Huchukua miezi.

"Kila Idi huvaa kofia ya mkono wangu," Bi Zuhura alituambia. "Hii nataka aivae Idi hii. Lakini vitobo sivioni."

Sauti ikatoka chini ya kitambaa. "Sema yote, Zuhura. Ataka niivae Idi hii kwa sababu hakuna nyingine. Naumwa kichwa, siumwi akili."

Fundi Twaha akauliza maswali yake mawili, kisha akaongeza la tatu. "Bi Zuhura, mbona usiende kushona sebuleni, dirishani? Kule mwanga ni wa bure."

"Nimejaribu. Nikitoka, yuwaniita. Nikirudi, asema hakuita."

"Sikuita," akasema Mzee.

"Umeona?"

"Na wewe, Mzee," Fundi akasema, "ungependa tukuzimie kabisa?"

"Giza nitapewa bure, Twaha. Sina haraka nalo. Nataka nimwone huyu. Umbo tu. Mikunjo siihitaji."

"Mikunjo umeitia wewe," akasema Bi Zuhura.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Chumba kimoja, watu wawili. Mmoja mwanga ulimuumiza, mwingine alikuwa akiutafuta, na hakuna aliyekubali kumwacha mwenzake. Na mwezi wa Ramadhani ulikuwa karibu.

Tukafanya kosa ambalo fundi yeyote wa Mji wa Kale angelifanya. Tulidhani kazi ndogo yataka mwanga mwingi. Tukatundika tyubu juu ya mkeka wa Bi Zuhura, tukasimamisha ubao kati yake na kitanda ili Mzee akingike. Tukawasha. Ubao haukusaidia kitu. Mwanga uliigonga chokaa ukarudi kutoka kila upande, na Mzee akageukia ukutani akiguna.

"Twaha, ukiiacha hiyo nitakufa leo badala ya kesho."

Bi Zuhura aliinua kofia akaisogeza machoni, akaiweka mbali, akaisogeza tena. "Naona weupe," alisema. "Weupe mtupu."

Tukaizima. Ngazini, Fundi alininong'oneza kwamba macho ya yule mama yamekwisha, na kwamba taa haiwezi kumpa mtu macho. Hamza naye alisikia. Akamwambia mke wa ami yake kwamba wako wanawake wanaoshona kwa malipo, wapewe wamalizie. Bi Zuhura alitia uzi kwenye sindano, akakosa, akatia tena.

Siku chache baadaye akatuita asubuhi. Alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu.

"Jana magharibi stima zilipotea," alisema. "Nikawasha chemli ya mafuta ya taa, nikaiweka hapa chini sakafuni, ubavuni mwangu, nisimsumbue. Nikaziona zote, Fundi. Kila kitobo na kivuli chake."

Fundi Twaha akakaa kwenye kizingiti. Alikaa kama mtu aliyepigiwa hodi na jambo alilokuwa akilijua. "Nyeupe juu ya nyeupe," alisema mwishowe, zaidi kwa nafsi yake. "Sisi tumemletea mwanga. Yeye alitaka kivuli."

Liandikeni hilo popote mnapoandika mambo yenu. Ukimulika kitambaa cheupe kutoka juu, umekifuta. Taa iwe chini, iwe ubavuni, iwe hafifu, na mshono utajitokeza wenyewe. Kama mshonaji atumia mkono wa kulia, taa ikae kushoto, mkono usimkinge.

Chemli haikufaa, kwa sababu moshi wake ulimkohoza Mzee. Basi mimi nikapewa kazi ya kutengeneza chemli ya stima. Nikaomba kopo tupu jikoni. Bi Zuhura akanipa kopo la samli, akaliosha mwenyewe kwa majivu na sabuni. Nikalikata ubavu, nikalitoboa juu lipumue, nikatia holda na globu ndogo ya wati ishirini na tano, waya na plagi. Tukaiweka kwenye kidaka cha chini kabisa, kushoto kwa mkeka, mgongo wake ukielekea kitanda. Kwa Mzee, Fundi alificha globu ndogo ya maziwa nyuma ya kabati, ikitazama ukuta, hata kilichomfikia kilikuwa mwanga uliokwisha kuchoka, wa rangi ya chai isiyo na maziwa.

Tukawasha zote mbili. Mzee akaondoa kitambaa machoni taratibu, akatazama boriti, akamtazama mkewe. Bi Zuhura alikuwa ameshainama, anashona.

Kisha kopo likapata moto.

"Zuhura," akasema Mzee, "wapika chapati?"

"Sipiki."

"Nasikia samli."

"Ni taa, Mzee," nikamwambia. "Nimeitengeneza kwa kopo la samli."

"Taa ya chapati." Akaliwaza jambo hilo. "Haya. Iko wapi basi?"

"Bado," akajibu Bi Zuhura bila kuinua uso. "Bado haijaiva."

Wakati ule Mzee Nasoro alikuwa hamezi kitu ila uji mwepesi, kijiko kwa kijiko. Fundi Twaha akaanza kupanga globu kwenye kreti, akazifunga na kuzifungua magazeti yaleyale, mpaka nikamwambia twende.

Baada ya hapo nilipitia pale mara nyingi, nikisingizia kukagua waya. Waya haukuwa na neno. Nilikuwa nikisimama mlangoni na kusikiliza. Kimya, sindano, kimya, halafu sauti kutoka kitandani, kila mara nyembamba kuliko ya jana: "Chapati iko wapi?" Na jibu: "Bado." Wakati mwingine hakuuliza kwa muda mrefu, na Bi Zuhura alisimamisha sindano akingoja. Mzee akiuliza, sindano iliendelea.

Ramadhani ikaingia. Kipande cha juu kilikwisha. Utepe ukafika nusu, ukapita nusu. Bi Zuhura alinionyesha kwenye taa yake, akiugeuza polepole ili kila ua lipate kivuli. Alikuwa amekonda. Nikamuuliza kama atawahi Idi. Akasema, "Tuko pamoja, mimi naye, tunakimbizana."

Mzee alifariki katika kumi la mwisho, asubuhi. Utepe ulikuwa umekwisha usiku wa kuamkia siku hiyo. Vipande viwili vilikuwa juu ya mkeka, havijaunganishwa.

Fundi alifunga karakana tukaenda. Mimi si Mwislamu, basi wakati wa sala nilisimama nje ya msikiti nikilinda viatu ambavyo hakuna aliyeniomba nivilinde. Kisha nikalifuata jeneza nyuma ya watu wote.

Siku ya Idi nilitembea mjini peke yangu. Wanaume walikuwa wakitoka kusali, kofia kwa kofia, njia nzima. Jua lilikuwa bado chini, likiwapiga ubavuni, na kila kofia ilionekana mshono kwa mshono. Nilikuwa nimekaa Mombasa miaka kadhaa na sikuwahi kuziona. Nikarudi karakana, nikafunga mlango, nikakaa chini ya ngazi.

Bi Zuhura alikuwa ndani ya eda alipomtuma jirani yake kuniita. Fundi Twaha alisikiliza ujumbe, akaendelea kupuliza kahawa yake.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi pale siingii."

Nilipiga hodi. Jirani aliniongoza mpaka chumba cha ndani. Pazia zito lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa chumba cha pili, na sauti ikatoka nyuma yake.

"Karibu, Kazungu. Nimo huku. Usije."

"Siji, Bi Zuhura. Pole."

"Nimeshapoa," akasema, kama wasemavyo wote.

Chumba kilikuwa kimebadilika hata nikasita kuingia. Hamza alikuwa ametia tyubu mbili ndefu kwenye boriti. Kitanda kilikuwa kimetolewa godoro. Hapakuwa na kivuli popote. Nilihisi kama nimeingia ndani ya karatasi.

"Hamza amefanya kwa wema, usimseme," ikasema sauti. "Asema sasa hakuna wa kuumizwa na mwanga, basi nami nione vizuri. Kazungu, mimi sioni kitu. Sijui ukuta uko wapi, sijui kitanda kiko wapi. Kila kitu kimekuwa sawa. Ziondoe. Niachie ile yake ya nyuma ya kabati."

Nilipanda nikaziteremsha. Mara ya kwanza katika kazi yangu nikamrudishia mtu giza, na nililifanya kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kufunga taa yoyote. Nilipowasha ile globu ya maziwa, chumba kikarudi: boriti, kabati, umbo la kitanda. Na kwenye kidaka nikaiona kofia, nzima, imevalishwa juu ya bakuli la udongo.

"Umeimaliza," nikasema.

"Nimeiunga. Nimeifua, nimeitia wanga. Haina kichwa, nimeivalisha bakuli."

"Hamza je?"

"Kichwa cha Hamza kikubwa. Cha Mzee kilikuwa kidogo, na maneno mengi." Nilimsikia akivuta pumzi. "Na ile ya kopo, ichukue uende nayo."

"Imeharibika? Haiwaki?"

"Yawaka. Ndiyo sababu."

Nikashika waya.

"Ikipata moto, yanuka," akasema. "Nami nasema 'bado' kabla sijajua nasema. Kisha nangoja. Ichukue, mwanangu."

Niliifunga kwa gazeti kama globu za kreti. Fundi Twaha aliliona furushi nilipoingia karakana, akalijua kwa umbo lake.

Nilibaki kwake muda kidogo baada ya hapo, lakini sikuwa na faida. Tulikuwa na kazi ya nyumba ya harusi, taa za rangi na thurea, na kila nilipozima ili tuone giza la chumba sikutaka kuwasha tena. Jioni moja tulipokuwa tukifunga, Fundi alinitazama.

"Kesho hutakuja," alisema.

"Sijui."

"Mimi najua. Chukua testa hii. Stima ya ugenini nayo yaua."

Ndiyo testa mliyoiona mfukoni mwangu, ile mliyokuwa mkiicheka. Fundi Twaha sikumwona tena.

Asubuhi nilitembea mpaka feri ya Likoni bila kuamua kitu, furushi la taa kwapani. Ng'ambo ya pili kulikuwa na basi lenye nafasi. Nilipanda, na ilipokuja jioni nilikuwa nimeshavuka mpaka, nimeshuka Tanga, nikiuliza vyumba vya kulala. Walinielekeza kwa mama mmoja mwenye nyumba ya vyumba vingi, aliyejifunga kanga na kushika funguo rundo zima. Alinionyesha kitanda, ndoo, na kuta zilizopakwa chokaa. Katikati ya dari ilining'inia globu tupu, kubwa.

"Taa hiyo, inawaka mpaka barabarani, hutalalamika," alisema. "Na sheria yangu ni moja, mgeni. Chumbani hakupikwi."

Nikamwambia sipiki. Alipoondoka niliizima ile globu, nikakaa kitandani nilitazame giza la chumba kile. Lilikuwa giza la kawaida, halikuwa na mtu. Kwa hiyo nikafungua gazeti. Kulikuwa na soketi karibu na mlango, nikaijaribu kwa testa, nikachomeka taa ya kopo, nikaiweka sakafuni kushoto kwangu.

Ukuta uliokuwa mtupu ukaanza kuonekana. Michirizi ya brashi ya chokaa, mahali mpakaji alipopumzika, mahali alipoegemeza kiganja kabla hakijakauka, vidole vyote vitano. Nikakaa nikikitazama kile kiganja. Kopo likapata moto.

Nyayo zikasimama nje ya mlango.

"Mgeni! Si nimekwambia? Nasikia samli. Hizo chapati ziko wapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba ni taa.

"Bado," nikasema.